Jumamosi mtoto kafungwa sita bila. Jumanne atarudi mazoezini? Uzi kuhusu michezo na uvumilivu

#1 Mleta uzi

Wakuu, heshima kwenu.

Kila mtu anajua kusema michezo inamjenga mtoto. Nidhamu, kujituma, kutokata tamaa. Wanasema walimu, wanasema wazazi, wanasema hata wale ambao hawajawahi kusimama pembeni ya uwanja watoto wakicheza. Mimi nafundisha mpira timu ya watoto, kuanzia wa miaka tisa hadi kumi na minne, na kauli hiyo naikubali nusu. Nusu iliyobaki ndiyo imenifanya nifungue uzi.

Mtoto akifungwa sita bila Jumamosi, alichojifunza siku hiyo ni kwamba kufungwa kunauma. Basi. Uvumilivu unaanza Jumanne, pale anapotakiwa avae viatu arudi uwanja ule ule, kwa wenzake wale wale waliomwona akipitwa na winga mara tatu kwa chenga ileile. Akirudi Jumanne hiyo, na inayofuata, kuna kitu kinaanza kujengeka. Asiporudi, mchezo umemfundisha kwamba yeye hafai, na somo hilo ataondoka nalo. Swali langu kwenu ni nani anayeamua kama atarudi. Mimi nasema kwa sehemu kubwa ni sisi watu wazima.

Si maneno ya kijiweni. Mwaka 1992, watafiti wa Marekani Barnett, Smoll na Smith walichapisha utafiti kuhusu makocha wa besiboli ya watoto. Kundi moja la makocha lilipewa mafunzo mafupi kabla ya msimu: sifia juhudi, mtoto akikosea mtie moyo kwanza kisha muoneshe namna ya kurekebisha, acha kebehi na adhabu. Kundi la pili liliachwa liendelee na mambo yake. Msimu uliofuata, kwa makocha walioachwa, asilimia 26 ya watoto hawakurudi. Kwa makocha waliofundishwa, asilimia 5. Na hapa ndipo ninapopapenda: timu za pande zote mbili zilikuwa zimeshinda na kufungwa kwa viwango vinavyokaribiana. Hao watoto waliobaki hawakubaki kwa sababu ya makombe. Walikuwa makocha wachache na mchezo mmoja, sitaki mtu aigeuze namba hiyo kuwa sheria ya dunia, lakini inaniambia pa kutazama.

Chukueni na mfano ambao kila mmoja wetu ameusikia, wa Michael Jordan, nyota wa kikapu wa Marekani, "kukatwa" timu ya shule. Unasimuliwa kama hadithi ya kijana aliyekataliwa akaenda kujifungia na mpira wake mpaka akawa bingwa. Ukiutazama vizuri, ilikuwa 1978, shule ya Laney kule Wilmington, ana miaka 15. Shule ilikuwa na timu mbili. Nafasi kwenye timu ya wakubwa alipewa mwenzake aliyekuwa mrefu zaidi, na Jordan akapelekwa timu ya wadogo. Huko akacheza msimu mzima, dakika nyingi, akawa ndiye tegemeo. Akarefuka. Mwaka uliofuata akapanda. Hasira alikuwa nayo, sibishi. Ila kulikuwa na timu ya pili, kulikuwa na ratiba, kulikuwa na kocha wa kumwambia njoo kesho. Ondoa hiyo timu ya wadogo halafu nisimulie tena habari ya moyo wa kibingwa.

Wenye judo walilijua hili zamani. Kano Jigoro aliuanzisha mchezo huo Tokyo mwaka 1882, na mpaka leo mwanafunzi mpya kabla ya kufundishwa kumwangusha mtu anafundishwa kuanguka yeye. Kidevu kifuani, mkono unapiga mkeka, kichwa hakigusi chini. Anaangushwa, anainuka, anaangushwa tena, na hakuna anayemcheka kwa sababu hilo ndilo somo lenyewe. Sisi wa mpira hatuna kitu kama hicho. Tunamtupa mtoto kwenye mechi, akianguka tunashangaa mbona analia.

Ninachokifanya mimi: mazoezi ya kwanza baada ya kipigo hayaanzi na kikao cha kulaumiana. Tunaanza na zoezi ambalo wote wanalimudu, kisha dakika kumi na tano za lile lililotuumiza, tena nafasi ikiwa finyu ili kila mmoja aguse mpira mara nyingi. Beki aliyepitwa anakutana na winga yule yule wa mazoezini tena na tena. Mara ya kwanza anapitwa. Baadaye kidogo anajifunza kutokurupuka, anamsubiri, anamsukumia pembeni. Siku anapoupokonya mpira kwa mara ya kwanza, huhitaji kumhutubia kuhusu kutokata tamaa.

Naomba kuwasilisha. Wenye hoja tofauti mje.

#2

Mkuu, uzi mzuri ila umeruka jambo kubwa.

Unajuaje kuwa michezo ndiyo imewapa uvumilivu? Inawezekana wale wavumilivu wa kuzaliwa, au wenye wazazi wa kuwasukuma, ndio wanaobaki, na wengine wameshaondoka kimya kimya. Mwisho wa siku unawatazama waliobaki unasema "oneni mpira ulivyowajenga". Umechuja halafu unausifia mchujo.

Na kuna la tarehe ya kuzaliwa. Mwaka 1985 kina Barnsley waliangalia wachezaji vijana wa hoki ya barafu Kanada wakakuta waliozaliwa Januari na miezi ya karibu yake ni wengi kupita kiasi, na wa mwisho wa mwaka wachache. Sababu ni kwamba makundi ya umri yanakatwa Januari Mosi. Mtoto wa Januari na wa Desemba wanawekwa kundi moja wakati mmoja amemzidi mwenzake karibu mwaka mzima, na ukiwa na miaka minane mwaka ni mwili mwingine kabisa. Mkubwa anaonekana ana kipaji, anapewa namba, anapewa kocha mzuri, anapenda mchezo, anabaki. Mdogo anasugua benchi mpaka anachoka. Mambo ya namna hiyo yameonekana na kwenye soka pia. Kwa hiyo mara nyingine mnachokiita uvumilivu ni mwezi aliozaliwa mtoto.

#3

Habari zenu. Mimi ni mama wa binti anayeogelea, ana miaka kumi na mitatu.

Nataka kuongeza upande ambao mleta uzi hakuugusa, michezo ya saa. Kwenye kuogelea hakuna wa kumlaumu. Refa hakukuonea, mwenzako hakukunyima pasi. Kuna ukuta, kuna maji, kuna sekunde mpaka sehemu zake za mia. Miaka ya mwanzo binti yangu alikuwa anapunguza muda karibu kila mashindano, na kila mtu alikuwa anamwambia ana bidii. Halafu mwili ukabadilika na muda ukaganda. Msimu mzima. Mazoezi ni yale yale, alfajiri ile ile, na saa inasema hakuna kitu.

Hapo ndipo nilipoona kwamba ile bidii ya mwanzo ilikuwa rahisi, maana ilikuwa inalipwa papo hapo. Hii ya sasa, ya kufanya kazi ukiwa huoni malipo, ni kitu kingine. Kocha wake alimwondoa kwenye kuhesabu sekunde akampa vitu vya kuhesabu ambavyo viko mikononi mwake: mapigo mangapi ya mikono anatumia kumaliza urefu mmoja wa bwawa, anakaa chini ya maji umbali gani baada ya kujisukuma ukutani. Namba hizo zikaanza kusogea kabla ya saa kusogea. Sijui kama angebaki bila hilo.

#4

Nafuatilia kwa karibu. Ila mmesahau mzazi anayesimama kwenye mstari akipiga kelele "toa pasi! piga! rudi!" mpaka mtoto anacheza huku anamtazama baba badala ya mpira. Huyo naye anajenga kitu gani?

#5 Mleta uzi

#4 umenichekesha ila ni kweli. Kwetu tuna mstari wa wazazi upande wa pili wa uwanja, mbali na benchi. Ruksa kushangilia. Maelekezo ni marufuku.

#2, hoja yako ni ya haki na siikwepi. Kuchuja kupo. Ukilinganisha tu watoto wanaocheza na wasiocheza huwezi kujua kipi kilitangulia. Lakini kuna majaribio ambayo watoto wamegawanywa kwa bahati nasibu, kwa hiyo tabia ya kuzaliwa imesambaa sawa pande zote. Mwaka 1998 Mueller na Dweck waliwapa wanafunzi wa darasa la tano mafumbo ya kutatua. Baada ya kufanya vizuri, wengine waliambiwa wana akili, wengine wakaambiwa wamejitahidi. Kisha wote wakapewa mafumbo magumu wakakwama. Walioambiwa wana akili walipungukiwa hamu ya kuendelea, wakafurahia kidogo, na wakashuka hata kwenye mafumbo mepesi yaliyofuata. Walioambiwa wamejitahidi waliendelea kukomaa. Sentensi moja tu ya mtu mzima. Ni mafumbo, si mpira, najua. Ila sisi makocha tunasema sentensi ya namna hiyo mara ngapi kwa jioni moja? "Huyu ana kipaji." Tunadhani tunampa zawadi.

Kwenye tarehe ya kuzaliwa tuko pamoja, na kwangu inaipa nguvu hoja yangu. Kama wa Desemba anaondoka kwa sababu hachezi, dawa iko mikononi mwa anayepanga kikosi. Jamie Vardy, mshambuliaji Mwingereza, alitemwa na klabu ya Sheffield Wednesday akiwa na miaka 16 kwa sababu ya udogo wa mwili. Akaenda kuchezea Stocksbridge Park Steels, timu ya ligi za chini, huku akifanya kazi kiwandani. Mwaka 2016 alikuwa bingwa wa Uingereza na Leicester. Watu wanamsifia moyo wake, na anastahili. Mimi natazama ile timu ndogo iliyompa jezi. Wangapi wa umri wake walitemwa siku moja naye na hawakuwa na Stocksbridge ya kwenda?

#6

Mimi ni kocha wa riadha na mpira wa kikapu kwa vijana. Nimesoma yote, niseme mawili.

La kwanza ni lile aliloligusa mama wa #3, mwili kubadilika. Wasichana hurefuka kwa kasi kubwa zaidi wakiwa na miaka kama 12, wavulana kama 14, na tofauti ya mtoto na mtoto ni kubwa. Katika kipindi hicho miguu inarefuka kabla ubongo haujazoea vipimo vipya. Kijana aliyekuwa anadaka kila mpira anaanza kujikwaa mwenyewe. Anadhani amesahau mchezo. Wengi nawapoteza hapo, na ukiwaeleza mapema kuwa hali hiyo ipo na inapita, wengi wanatulia. Hawana haja ya hotuba ya ushujaa, wanahitaji habari sahihi za miili yao.

Kipindi hicho hicho yanakuja maumivu ya chini kidogo ya goti, pale kano inaposhika mfupa wa ugoko ambao bado unakua. Kitaalamu unaitwa ugonjwa wa Osgood-Schlatter, na ni wa kawaida kwa watoto wanaokimbia na kuruka sana. Naomba hapa nieleweke: kumwambia mtoto "vumilia" kwenye maumivu ya aina hiyo ni ujinga. Punguza mizigo, punguza kuruka, apumzike, aonwe na daktari yasipotulia. Uvumilivu wa kurudia zoezi gumu na uvumilivu wa kucheza na jeraha ni vitu viwili, na kocha asiyevitenganisha hafai kukabidhiwa watoto.

La pili ni hili la mechi na misimamo ya ligi. Norwei wana kanuni za michezo ya watoto tangu 1987, wakazifanyia marekebisho 2007. Kabla ya mwaka mtoto anaotimiza 11 hakuna kutangaza msimamo wala kuwapanga watoto nani wa kwanza nani wa mwisho. Ubingwa wa taifa hauruhusiwi kabla ya mwaka anaotimiza 13. Watu wakisikia hivyo wanasema mnalea watoto laini. Sawa. Norwei ina watu kama milioni tano na ushee, na kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya 2018 ilichukua medali 39, nyingi kuliko nchi yoyote. Sisemi kanuni hizo ndizo zilizoleta medali, wana theluji, wana fedha, wana mengi. Nasema tu kwamba kutomhesabia mtoto wa miaka tisa vipigo hakukuwazuia kupata watu wagumu.

#7

Wakuu, mimi nina tatizo la kweli, si nadharia. Kijana wangu wa miaka kumi na miwili anataka kuacha kikapu. Anasema hapendi tena. Mama yake anasema aache, mimi nasema akiacha hili ataacha kila kitu maishani. Nimlazimishe?

#8 Mleta uzi

Pole kaka. Kabla ya kulazimisha, mchunguze. Anaacha *nini*? Anauchukia mchezo, anamchukia kocha, hapati namba, anaumwa mahali hasemi, kuna wenzake wanamnyanyasa, au amepata kitu kingine anachokipenda zaidi? Kila moja lina jibu lake. Kama ni uonevu au maumivu, kumlazimisha abaki ni kumfundisha kwamba akisema hasikilizwi.

Kama hakuna kati ya hayo na ni kuchoka tu baada ya mechi mbaya, mimi huwashauri wazazi wakubaliane na mtoto amalize msimu, kwa sababu kuna wenzake wanaomtegemea, kisha uamuzi uwe wake kweli. Usije ukasema "wako" halafu msimu ukiisha ukamnunia.

Na hilo la kwamba akiacha hili ataacha kila kitu, nalikataa. Simone Biles, mwana-jimnastiki wa Marekani, mwaka 2021 kwenye Olimpiki ya Tokyo, alijitoa kwenye fainali ya timu baada ya mruko mmoja kwa sababu alikuwa anapoteza mwelekeo hewani, na kwa mruka sarakasi hilo ni shingo kuvunjika. Alitukanwa sana, wakamwita asiyevumilia. Alirudi siku chache baadaye kwenye boriti akachukua shaba, na Paris 2024 akachukua dhahabu tatu. Kusimama mahali pa kusimama hakukumfanya awe mtu wa kuacha.

#9

#2 hapa tena. Mleta uzi umejibu vizuri, nusu umenishawishi. Nikuulize la mwisho. Mpwa wangu ni mpambanaji uwanjani, anakimbia mpaka anatapika. Akifika nyumbani daftari la hesabu halifungui. Huo uvumilivu anauacha kwenye begi la viatu? Mnasema michezo inamjenga mtoto *kwa maisha*. Mimi naona inamjenga kwa michezo.

#10

Mama wa muogeleaji. #9 swali lako nimelipenda, na nadhani uko sahihi kwamba uvumilivu hauhami wenyewe. Binti yangu naye alikuwa hivyo kwenye Kifaransa. Kilichosaidia ni kumuuliza kwa lugha yake ya bwawani: ukikwama kwenye mgeuko kocha anafanyaje? Akasema anaukata vipande, tunafanya kipande kimoja. Nikamwambia haya, Kifaransa tukikate. Akaanza na vitenzi vitano. Sikumwambia "uwe mvumilivu kama kwenye kuogelea", nilishajaribu huko nyuma akanitazama tu. Alihitaji aone kwamba *namna* ya kufanya ni ileile.

Bwawani kuna mtu anamgawia kazi vipande vipande na kumwambia kipi kimesogea. Kwenye daftari la mpwa wako nani anafanya hivyo? Pengine si kwamba uvumilivu ameuacha uwanjani. Pengine nyumbani hakuna kocha.

#11

Mimi ni msomaji wa siku zote, leo nimeingia kuuliza. Nimepewa timu ya watoto wa miaka kumi kwa kujitolea, sijasomea ukocha. Jumamosi kipa wetu alifungwa mengi, akalia, na tayari ameniambia Jumanne haji. Mleta uzi, #6, nifanye nini? Nibadilishe kipa?

#12

#6 hapa tena. Usisubiri Jumanne. Ongea na mzazi leo, uombe kuongea na mtoto mwenyewe kwa dakika mbili. Usimwambie "haikuwa kosa lako" kwa jumla, hataamini, alikuwa pale. Mpe kitu kimoja alichofanya sawasawa na ukitaje kilivyokuwa: ule mpira wa kona ulipotoka ukaupangua, ulikuwa umesimama mahali sahihi. Kama hukukiona, maana yake wiki ijayo umtazame kipa wako vizuri zaidi.

Kwa umri huo kusiwe na kipa wa kudumu. Zungusha: kila mechi watoto wawili golini, nusu na nusu, na kila mmoja apate nafasi ya kucheza mbele. Wapo watakaokwambia utapoteza mechi. Utapoteza baadhi.

#13 Mleta uzi

Nakazia ya #6. Na Jumanne yenyewe, zungusha wote golini, na wewe mwenyewe uingie wakupige mashuti. Wafunge mengi. Watoto wakishaona kocha anachota mpira wavuni na anarudi kusimama kwenye mstari huku anacheka, kipa wako atataka zamu yake. Tupe mrejesho Jumatano.